Kupuuza si Kuzuia: Uchunguzi wa Hitilafu za Orodha ya Anwani katika Ulandanishaji wa Ngome za Mtandao za Linux

Ikisiri

Taasisi zinazotegemea mtandao katika utoaji wa huduma huweka ngome mbili za Linux ili moja ikianguka nyingine ichukue zamu bila watumiaji kukatiwa mawasiliano. Kazi hiyo hutegemea programu ya conntrackd, ambayo hunakili taarifa za miunganisho kutoka ngome moja hadi nyingine. Ndani ya programu hiyo mna orodha ya anwani ambazo taarifa zake hazinakiliwi. Orodha hiyo ikiandikwa vibaya, hitilafu hujificha mpaka siku ngome ya kwanza inapoanguka. Makala haya yanaeleza namna orodha hiyo inavyofanya kazi, yanapendekeza hatua tano za kutafuta hitilafu, na yanabainisha kwamba sehemu ya tatizo ni ya kilugha: kitenzi "kuchuja" kinabeba maana ambazo fundi anapaswa kuzitenganisha. Mwisho, yanatoa mapendekezo kwa wanaotunga istilahi, wanaofundisha mafundi na wanaoandika mikataba ya ununuzi wa vifaa vya mtandao.

Istilahi muhimu: ngome ya mtandao, muunganisho, ulandanishaji, kupuuza, kuzuia

1.0 Utangulizi

Kifaa kinacholinda mpaka wa mtandao wa taasisi kimepewa majina kadhaa katika Kiswahili. Wapo wanaokiita ukuta wa moto na wapo wanaokiita ngome. Makala haya yanatumia "ngome" kwa kuwa neno hilo linabeba dhana ya mahali penye lango na walinzi, na ndiyo kazi hasa ya kifaa chenyewe: kila pakiti inayopita hukaguliwa, ikaruhusiwa au ikazuiwa.

Katika mfumo wa Linux, ukaguzi huo hufanywa na Netfilter, mradi ulioanzishwa na Rusty Russell mwaka 1998 na ambao kazi yake iliingizwa katika toleo la 2.4 la kerneli, lililotolewa Januari 2001. Toleo hilo lilileta uwezo wa kukumbuka. Ngome ya aina hii haiikagui pakiti kana kwamba ndiyo ya kwanza kuonekana, bali huangalia kama pakiti hiyo ni sehemu ya mazungumzo yaliyokwisha kuruhusiwa. Kumbukumbu ya mazungumzo hayo huwekwa katika jedwali ndani ya kerneli.

Kumbukumbu hiyo ndiyo nguvu ya ngome na ndiyo udhaifu wake. Ngome ikizimika, jedwali hupotea nayo. Ngome ya pili inayochukua zamu bila jedwali hilo hukutana na pakiti za mazungumzo isiyoyajua. Mtumiaji aliyekuwa akihamisha faili, akifanya malipo au akizungumza kwa simu ya mtandao hukatiwa, na hulazimika kuanza upya.

2.0 Jedwali la Miunganisho na Sababu ya Kulinakili

Kila ingizo katika jedwali huonyesha itifaki inayotumika, hali ya muunganisho, muda uliobaki kabla ingizo halijafutwa, na anwani za pande zote mbili pamoja na namba za milango. Muunganisho wa TCP uliokwisha kuthibitishwa hupewa, kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, muda wa sekunde 432,000, yaani siku 5, hata kama hakuna pakiti inayopita. Kwa hiyo jedwali la ngome yenye shughuli nyingi ni hazina ya maelfu ya mazungumzo yaliyo hai.

Programu ya conntrackd ilitungwa ili hazina hiyo isiwe mahali pamoja tu. Hufanya kazi katika ngome zote mbili. Katika ngome ya zamu, husikiliza matukio kutoka kwa kerneli: muunganisho umezaliwa, umebadilika hali, umekufa. Taarifa hizo huzihifadhi katika ghala la ndani, kisha huzituma kwa njia ya mtandao hadi ngome ya kusubiri. Huko hupokelewa na kuwekwa katika ghala la nje. Ngome ya kusubiri inapochukua zamu, yaliyomo katika ghala la nje huingizwa katika jedwali la kerneli yake, na mazungumzo huendelea.

Programu hii haiamui ni ngome ipi iwe ya zamu. Uamuzi huo kwa kawaida hufanywa na programu nyingine, mara nyingi keepalived, inayotumia itifaki ya VRRP kuhamisha anwani ya pamoja kutoka ngome moja hadi nyingine. Keepalived inapobadilisha zamu, huendesha hati fupi ya amri inayoiambia conntrackd iingize ghala la nje katika kerneli. Mgawanyo huu wa kazi ni wa kuzingatiwa, kwa sababu anwani ya pamoja inaweza kuhama vizuri kabisa huku miunganisho ikikatika. Fundi anayeangalia anwani pekee ataona mafanikio.

3.0 Orodha ya Anwani na Kazi Yake

Si kila muunganisho unafaa kunakiliwa. Fundi anapoingia katika ngome ya kwanza ili kuirekebisha, muunganisho wake unaishia kwenye ngome hiyohiyo. Kuunakili hadi ngome ya pili hakuna faida, kwa kuwa ngome ya pili haiwezi kuendeleza kikao kilichokuwa ndani ya mashine nyingine. Mawasiliano ya ulandanishaji wenyewe nayo hayafai kunakiliwa. Miunganisho inayostahili ni ile inayopita katika ngome ikielekea kwingine.

Kwa sababu hiyo, faili ya mipangilio ya conntrackd ina sehemu yenye makundi matatu ya masharti: itifaki, anwani na hali ya muunganisho. Kila kundi huambatanishwa na mojawapo ya maneno-amri mawili. "Accept" humaanisha kwamba yaliyoorodheshwa tu ndiyo yashughulikiwe, na "Ignore" humaanisha kwamba yaliyoorodheshwa yapuuzwe na mengine yote yashughulikiwe. Tukio hupaswa kuvuka masharti ya makundi yote ili liingie katika ghala la ndani. Likikwama katika kundi moja, halinakiliwi.

Kwa anwani, desturi iliyo salama ni kutumia "Ignore" na kuorodhesha anwani za ngome zenyewe. Tuchukue mtandao wa mfano wenye ngome mbili. Upande wa ndani zina 10.20.0.2 na 10.20.0.3, na anwani ya pamoja ni 10.20.0.1. Upande wa nje zina 203.0.113.2 na 203.0.113.3, na ya pamoja ni 203.0.113.1. Waya wa ulandanishaji unatumia 192.168.100.2 na 192.168.100.3. Orodha sahihi itakuwa hivi:

Filter From Userspace {
  Address Ignore {
    IPv4_address 127.0.0.1
    IPv4_address 10.20.0.1
    IPv4_address 10.20.0.2
    IPv4_address 10.20.0.3
    IPv4_address 203.0.113.1
    IPv4_address 203.0.113.2
    IPv4_address 203.0.113.3
    IPv4_address 192.168.100.2
    IPv4_address 192.168.100.3
  }
}

Mambo mawili yanaonekana hapa. Kwanza, orodha ina anwani za ngome zote mbili, hivyo inaweza kuwekwa sawasawa katika mashine zote. Fundi anayeorodhesha anwani za mashine moja tu, kisha akainakili faili hadi mashine ya pili bila kuibadilisha, huifanya mashine ya pili ipuuze anwani za mwenzake na kuzinakili za kwake. Pili, kila mstari ni anwani moja. Programu inaruhusu pia kuandika mtandao mzima kwa kuweka mkwaju na tarakimu ya ukubwa wake, na ruhusa hiyo ndiyo mlango wa kosa linalojadiliwa katika sehemu ya sita.

4.0 Kitenzi "Kuchuja" na Mkanganyiko Wake

Maelezo ya kiufundi ya sehemu hii ya mipangilio kwa kawaida hutafsiriwa kwa neno "kuchuja", na orodha yenyewe huitwa "kichujio". Tafsiri hiyo haina kosa la kisarufi, lakini inamwacha fundi bila jibu la swali la msingi: kinachochujwa kinabaki au kinaondoka?

Matumizi ya kila siku yanajibu kwa namna mbalimbali. Anayechuja tui la nazi kwa kifumbu hutaka kilichopita. Machicha yaliyobaki si shabaha yake. Anayechekecha mchanga ili apate kokoto hutaka kilichobaki juu. Katika siasa na michezo, mgombea au timu "iliyochujwa" imekwisha kutolewa. Kwa hiyo maneno "anwani zilizochujwa" yanaweza kueleweka kama anwani zilizoteuliwa au anwani zilizotupwa, kutegemea mazoea ya msikilizaji.

Tatizo huzidi kwa kuwa neno hilohilo hutumika kwa kazi kuu ya ngome. Ngome "huchuja pakiti", na hapo maana ni kwamba pakiti isiyoruhusiwa huzuiwa. Fundi aliyelizoea neno katika maana hiyo akifika katika orodha ya conntrackd huweza kufikiri kwamba anwani zilizomo zinazuiwa kupita, au kinyume chake, kwamba ni anwani zinazoaminiwa na kusamehewa ukaguzi. Akiongozwa na dhana ya pili, ataongeza mtandao wote wa ndani wa taasisi kwa nia njema ya kuwarahisishia wafanyakazi. Matokeo ni kwamba wafanyakazi haohao ndio watakaokatiwa zamu ikibadilika.

Ukweli ni kwamba orodha hii haigusi pakiti hata moja. Anwani iliyomo hupita au huzuiwa kwa sheria zilezile za ngome kama kawaida. Kinachobadilika ni taarifa tu: tukio la muunganisho wake halitunzwi wala halitumwi. Kitenzi kinachobeba maana hiyo bila utata ni "kupuuza". Makala haya yanapendekeza mgawanyo ufuatao: ngome huruhusu au huzuia pakiti, conntrackd hushughulikia au hupuuza tukio. Vitenzi vinne hivyo vinatosha kufundishia mada yote bila "kuchuja" kutajwa.

5.0 Hatua Tano za Kutafuta Hitilafu

Taarifa ya muunganisho husafiri kupitia vituo vitano. Namna bora ya kutafuta hitilafu ni kuchagua muunganisho mmoja unaojulikana, kwa mfano upakuaji wa faili kubwa kutoka kompyuta moja ya ndani, na kuufuata kituo kwa kituo. Kituo cha kwanza ambamo haupo ndicho kinachofuatana na hitilafu.

Kituo cha kwanza ni jedwali la kerneli katika ngome ya zamu. Amri ya "conntrack -L" huonyesha yaliyomo. Muunganisho usipoonekana hapa, conntrackd haina lawama: ama trafiki inapita njia nyingine, ama sheria za ngome zimeagiza isifuatiliwe.

Kituo cha pili ni ghala la ndani la ngome hiyohiyo, linaloonyeshwa na "conntrackd -i". Muunganisho uliopo katika kituo cha kwanza na kukosekana hapa umepuuzwa, au tukio lake limepotea njiani. Takwimu zinazotolewa na "conntrackd -s" husaidia kutambua upotevu wa matukio. Kama upotevu haupo, masharti matatu yakaguliwe moja baada ya jingine. Izingatiwe kwamba masharti ya hali ya muunganisho huweza kuagiza kwamba mazungumzo yaliyothibitishwa tu ndiyo yatunzwe. Kukosekana kwa muunganisho ambao bado uko katika salamu za mwanzo si hitilafu.

Kituo cha tatu ni waya wa ulandanishaji. Amri ya "conntrackd -s network" huhesabu ujumbe uliotumwa na uliopokelewa. Mifano ya mipangilio inayoambatana na programu hutumia anwani ya kundi 225.0.0.50 na mlango 3780. Sheria za ngome zenyewe zikisahau kuruhusu mawasiliano hayo, ngome humzuia mjumbe wake yenyewe.

Kituo cha nne ni ghala la nje katika ngome ya kusubiri, linaloonyeshwa na "conntrackd -e". Muunganisho ukifika hapa, orodha ya anwani ya ngome ya zamu imeshaondolewa katika orodha ya watuhumiwa. Ikumbukwe kwamba mipangilio ikiagiza ghala la nje lisitumike, taarifa huingizwa moja kwa moja katika kerneli, na kituo cha nne na cha tano huwa kimoja.

Kituo cha tano ni jedwali la kerneli katika ngome ya pili baada ya kubadilika zamu. Amri inayohamisha ghala la nje kuingia humo ni "conntrackd -c". Ghala likiwa limejaa na jedwali likabaki tupu, uchunguzi uelekezwe kwenye hati inayoendeshwa na keepalived.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba unamzuia fundi kubadilisha mambo matano kwa wakati mmoja. Hitilafu ya anwani ina alama yake: muunganisho upo katika kituo cha kwanza, haupo katika cha pili, na hesabu za makosa hazijaongezeka. Mfumo unafanya kama ulivyoagizwa, na ndiyo maana haulalamiki.

6.0 Mfano wa Mkwaju Mmoja

Katika mtandao wa mfano uliotajwa, tuseme fundi ameandika 10.20.0.0/16 mahali pa anwani tatu za ndani za ngome, kwa lengo la kufupisha orodha. Tarakimu 16 humaanisha anwani 65,536, kuanzia 10.20.0.0 hadi 10.20.255.255. Kompyuta yenye anwani 10.20.4.31, pamoja na nyingine zote za taasisi, sasa zimo katika orodha ya kupuuzwa.

Ghala la ndani halitakuwa tupu kabisa endapo taasisi ina mitandao mingine midogo, na hilo huongeza mkanganyiko, kwa kuwa mtazamaji ataona maingizo na kudhani kazi inaendelea. Hata tarakimu 24, yenye anwani 256, ni kubwa mno pale ngome zinapokaa katika mtandao mmoja na watumiaji. Kanuni ni kuandika anwani kamili, moja kwa kila mstari, na kuepuka ufupisho unaookoa mistari miwili kwa gharama ya huduma nzima.

Anwani za IPv6 huandikwa kwa mistari yake yenyewe. Taasisi inayotumia aina zote mbili hupaswa kuorodhesha na kujaribu kila aina kwa nafasi yake. Kufaulu kwa jaribio la IPv4 si ushahidi kwa IPv6.

7.0 Anwani Nne za Muunganisho Mmoja

Ngome nyingi hubadilisha anwani. Kompyuta ya ndani 10.20.4.31 inapozungumza na seva ya nje 198.51.100.20, seva hiyo huona anwani ya pamoja 203.0.113.1. Ingizo katika jedwali huonyesha basi safari mbili: ya kwenda, kutoka 10.20.4.31 hadi 198.51.100.20, na ya kurudi, kutoka 198.51.100.20 hadi 203.0.113.1. Nafasi za anwani ni nne, na mojawapo ni anwani iliyomo katika orodha ya kupuuzwa. Swali linalozuka ni kama muunganisho huo utapuuzwa.

Uchujaji unapofanyika ndani ya programu, yaani mipangilio inaposema "Userspace", conntrackd hutazama anwani halisi za wazungumzaji: chanzo cha safari ya kwenda na chanzo cha safari ya kurudi. Katika mfano huu ni 10.20.4.31 na 198.51.100.20. Anwani ya pamoja haitazamwi, hivyo muunganisho hunakiliwa. Hali ni hiyohiyo kwa mgeni wa nje anayefikia seva ya ndani 10.20.9.15 kupitia 203.0.113.1, kwa kuwa majibu hutoka 10.20.9.15.

Mipangilio inaruhusu pia kazi hiyo kufanywa na kerneli yenyewe, kwa neno "Kernelspace", kuanzia toleo la 2.6.29 la Linux. Njia hii hupunguza kazi ya mashine kwa kuwa tukio lisilotakiwa halinakiliwi kutoka kerneli hadi kwenye programu. Hata hivyo, anayesoma tukio hapo si yuleyule. Kila mara neno hilo linapobadilishwa, jaribio la miunganisho iliyobadilishwa anwani, ya kutoka na ya kuingia, lirudiwe, na muunganisho ufuatwe tena kuanzia kituo cha kwanza hadi cha pili. Baada ya mabadiliko yoyote ya faili, programu iwashwe upya katika ngome zote mbili.

8.0 Jaribio Linalodanganya

Njia ya kawaida ya kukabidhi mradi ni kuzima ngome ya kwanza mbele ya mteja huku faili ikipakuliwa. Upakuaji ukiendelea, mkataba hutiwa saini. Jaribio hilo linaweza kudanganya. Linux ina mpangilio uitwao nf_conntrack_tcp_loose, ambao kwa kawaida una thamani ya 1 na unaoiruhusu kerneli kuupokea muunganisho wa TCP katikati ya mazungumzo kana kwamba ni mpya. Pakiti ya kwanza baada ya kubadilika zamu ikitoka upande wa ndani, ambako sheria huruhusu miunganisho mipya, mazungumzo yanaweza kuendelea hata kama hakuna kilichonakiliwa. Aliyeokoa upakuaji ni ukarimu wa kerneli, na conntrackd inapewa sifa isiyo yake.

Kwa hiyo wakati wa majaribio thamani hiyo iwe 0 katika ngome zote mbili, na ushahidi uwe yaliyomo katika ghala la nje kabla ya kuzima ngome. Upakuaji ulioendelea ni dalili. Ingizo lililoonekana katika ghala ni ushahidi.

9.0 Mapendekezo

Kwa watunga istilahi, makala haya yanapendekeza kwamba neno "kuchuja" lisitumiwe peke yake katika miongozo ya usalama wa mtandao. Liambatane na kitenzi kinachosema hatima ya kilichochujwa: kuruhusiwa, kuzuiwa, kushughulikiwa au kupuuzwa. Kazi ya kuiswahilisha Linux ina historia katika ukanda huu, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa makao ya mradi wa Kilinux, uliotoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice. Kazi hiyo ilihusu maneno yanayoonekana na mtumiaji wa kawaida. Maneno ya fundi wa chumba cha seva bado yanahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo.

Kwa wakufunzi, mada hii ifundishwe kwa kufuata safari ya muunganisho mmoja, vituo vitano, kabla ya mwanafunzi kufungua faili ya mipangilio. Maneno-amri ya programu yabaki kama yalivyo, kwa kuwa mashine haisomi tafsiri, lakini maelezo yake yatolewe katika lugha ambayo fundi anaifikiria.

Kwa washauri wa sera na waandishi wa mikataba, sharti la "ngome mbili zinazopokezana" halitoshi. Mkataba uonyeshe jaribio litakavyofanywa: miunganisho ya kutoka na ya kuingia, IPv4 na IPv6, thamani ya nf_conntrack_tcp_loose, na orodha ya yaliyomo katika maghala kabla na baada ya kubadilika zamu. Taasisi iliyolipia ngome ya pili bila jaribio hilo inaweza kuwa imenunua mashine inayowaka taa tu.

10.0 Hitimisho

Hitilafu ya orodha ya anwani ni ndogo kwa maandishi, mara nyingine mkwaju na tarakimu mbili, lakini athari yake huonekana saa ambayo taasisi ina nafasi finyu ya kuirekebisha. Kuigundua mapema kunahitaji mambo mawili yanayokwenda pamoja: utaratibu wa kufuata muunganisho kituo kwa kituo, na lugha inayotofautisha pakiti inayozuiwa na taarifa inayopuuzwa. La kwanza ni kazi ya mafundi. La pili ni kazi ya wanalugha, na hawawezi kuikamilisha pasipo kuketi na mafundi hao mbele ya jedwali lenyewe.